Nyimbo Nilizotoa Kama Nyongeza

Duka langu lilikuwa chumba kimoja kwenye barabara inayoteremka kuelekea soko, hapa Eldoret, na kwa miaka mingi lilinilisha na kusomesha watoto wangu. Niliuza muvi na nyimbo. Nikisema niliuza, nataka nieleweke vizuri: hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nilikuwa na kompyuta, mashine ya kuchoma sidii, na baadaye, sidii zilipoanza kupitwa na wakati, nyaya za kila aina za kuunganishia simu na flashi. Mtu alileta flashi ikiwa tupu, akaondoka nayo imejaa. Kazi hiyo tuliiita kupakia.

Kabla ya hapo nilifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Nilikuja mji huu kutoka magharibi nikiwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, na kiwanda kilipopunguza watu, malipo niliyopewa nilinunulia ile kompyuta. Wengine walinunua ng'ombe. Nilichekwa, kisha wale walionicheka wakawa wateja wangu.

Na kazi niliijua. Siwezi kujinyima sifa hiyo hata leo. Mwenye mashine ya kusaga mahindi alitaka waimbaji wenye sauti kubwa, kwa sababu mashine humeza sauti nyembamba. Dereva wa trekta kutoka mashamba ya Soy alitaka nyimbo za kutosha kulima shamba zima bila wimbo kujirudia, maana mikono yake haikupata nafasi ya kubonyeza chochote. Wenye maduka waliotoka Kenya ya kati walitaka nyimbo za ujana wa baba zao. Vibarua wa mtaa wa Huruma walitaka muvi za ngumi ambazo mtu wetu anasimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya wazungu, na kama msimulizi hakuwa mcheshi, walirudisha. Mtu akiingia dukani nilimtazama viatu, nikajua atataka nini kabla hajafungua mdomo.

Tulikuwa na desturi moja, nayo ndiyo iliyoniponza. Mama wa maziwa akishakupimia, hukuongezea kidogo juu. Muuza sukuma wiki hutupia majani mawili matatu zaidi kwenye mfuko. Nasi wa kupakia tulikuwa na nyongeza yetu. Nikimaliza kuweka alichoomba mteja, flashi huwa bado ina nafasi, na mteja husema, "Mzee, jaza hapo palipobaki." Nyongeza ndiyo iliyowarudisha watu kwangu badala ya kwa jirani. Niliichagua kwa uangalifu zaidi kuliko vile nilivyochagua nguo zangu.

Mke wangu aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu kule Kapsoya. Kusema aliimba ni kumpunja, maana nyimbo nyingi alizitunga yeye mwenyewe, akiwa jikoni. Nilijua wimbo mpya umefika pale mwiko uliponyamaza kwenye sufuria. Alikuwa akisimama hivyo, akivumisha kitu kooni, na ugali ukishika chini hatukulalamika.

Kwaya iliamua kurekodi. Hawakuwa na mfadhili, kwa hiyo walikodi ekari moja Soy, wakapanda mahindi, wakayapalilia wenyewe kila Jumamosi, wakiimba huku wakilima. Mavuno yale yalilipa studio na yakalipa sidii zilizochapishwa zikiwa na picha yao juu. Mpango ulikuwa huu: sidii zizinduliwe kanisani, ziuzwe, na fedha hizo zirekodi nyimbo zilizobaki. Katika hizo zilizobaki ulikuwamo wimbo ambao mke wangu aliutunga baada ya kumzika mama yake. Hakuna wimbo aliouthamini kuliko huo. Lakini ulipanda juu sana, na yeye alikuwa ameanza kukwama kwenye sauti za juu. Hakuwaambia wenzake. Aliniambia mimi.

"Nikichelewa," alisema, "utaimbwa na mtu mwingine. Si vibaya. Lakini nilitaka niuimbe mimi."

Wiki moja kabla ya uzinduzi alinipa sidii moja. "Sikiliza," akasema, "uniambie ukweli."

Niliisikilizia dukani. Niliigeuza kuwa nyimbo za kompyuta, nikafungulia spika ya mlangoni, na watu wakaanza kusimama. Nimeuza nyimbo kwa miaka mingi, ninajua mtu anavyosimama kwa adabu na anavyosimama kwa sababu miguu imekataa kuendelea. Yule dereva wa trekta wa Soy alikuwa ndani, flashi yake ikiwa kwenye mashine.

"Mzee, hiyo umetoa wapi?"

"Ni mke wangu anaimba."

"Wacha mchezo."

"Huyo anayepanda juu, sasa hivi. Ndiye aliyenipikia chai asubuhi."

Alisikiliza tena, kisha akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Na mtu wa sauti kama hiyo huwa anaongea na wewe kweli?"

"Siku moja moja."

Watu walicheka. Akasema, "Basi nijazie hapo palipobaki."

Nikamjazia. Na aliyemfuata nikamjazia, na aliyemfuata. Wiki hiyo yote, kila flashi na kila simu iliyopita mikononi mwangu iliondoka na nyimbo za kwaya ya mke wangu kama nyongeza. Jambo ninaloliona sasa, na ambalo wakati huo sikuliona hata kidogo, ni hili: nyimbo za watu nisiowajua niliziuza bila kupepesa macho. Za mke wangu niliona aibu kuziuza, nikazigawa bure. Nilidhani ni heshima. Kulikuwa na maelfu ya sauti kwenye kompyuta ile, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza ambayo ningeweza kusema imetoka nyumbani kwangu. Nilitaka mji wote uijue.

Jumapili ya uzinduzi kanisa lilijaa hadi nje. Kwaya iliingia na sare mpya, mwalimu wao, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akainua mkono, wakaanza wimbo wa kwanza. Ulikuwa haujawahi kuimbwa mbele ya watu. Lakini kufika mstari wa pili vijana wa nyuma walikuwa wameingia nao. Halafu kina mama wa katikati. Walijua mahali pa kuitikia, walijua hata mahali pa kunyamaza na kungoja. Mwalimu aligeuka akatazama waumini, mkono ukiwa bado hewani. Mchungaji akachukua kipaza sauti, akasema, "Mnaona Roho anavyofanya kazi."

Mimi nilikuwa ninatabasamu. Kifua kilinijaa, sikufichi. Kisha nikamwona mke wangu. Wenzake walikuwa wakitazama watu kwa mshangao. Yeye alikuwa ananitazama mimi.

Baada ya ibada meza ya sidii iliwekwa mlangoni. Watu walikuja, wakasalimia, wakasifu, wakashika sidii, wakaigeuza kutazama picha, wakairudisha mezani. Mama mmoja alimshika mke wangu mikono yote miwili.

"Hizi nyimbo zenu ni tamu, Mama. Nikichambua maharagwe ndizo ninaweka. Nilipewa pale mjini, kwa mzee wa flashi."

Kijana mmoja alikuwa mkweli zaidi. "Sidii nitaiweka wapi, Mama? Kwetu hakuna kitu ya kuichezea."

Maboksi yalirudi karibu kama yalivyokuja. Kwa kuwa kwaya haikuwa na stoo, yaliletwa kwetu, yakapangwa nyuma ya kochi. Tulikaa tukiyapa mgongo.

Mke wangu alipakua chakula kama kawaida, akaketi.

"Baba watoto."

"Naam."

"Uliwapa watu wangapi?"

"Sijui. Kila aliyekuja."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema ni matangazo. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo njia nzima kutoka kanisani. "Nilijivuna," nikasema. "Nilitaka wajue kwamba ni wewe."

Alisukuma sahani yake kando. "Ulijivuna kwa jasho la watu. Wenzangu walipalilia mvua ikiwanyeshea, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Wewe ukachukua, ukamwaga barabarani, ili watu waseme una mke." Kisha, bila kupandisha sauti: "Na ule wa mama yangu sasa nitauimba lini?"

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kugombezwa. Alianza kusimama mstari wa nyuma katika kwaya. Na jikoni kwetu mwiko haukunyamaza tena. Ulikuwa ukizunguka tu, hadi ugali unaiva, tunakula.

Jumamosi nilifunga duka, nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nilisimama mbele yao, nikavua kofia, nikawaambia nilivyofanya, kuanzia siku ya kwanza. Mke wangu alikuwa nyuma, akitazama dirisha.

Mweka hazina, mama mwenye kibanda cha nafaka na mdomo usiomwogopa mtu, ndiye aliyeanza. "Kumbe sisi tunaomba Mungu atuepushe na adui, na adui analala kitanda kimoja na mtunzi wetu."

Walicheka wote, hata mimi ilibidi. Mwalimu hakucheka. "Jambo hili liende kwa wazee wa kanisa," alisema.

Fundi mmoja wa Huruma, anayetengeneza majiko ya bati na kuimba besi, aliinua mkono. "Mwalimu, kabla hatujampeleka Mzee huko, nina swali. Nani hapa ana kitu cha kuchezea sidii nyumbani?"

Mwalimu peke yake akainua mkono.

"Na mashine yako inafanya kazi, Mwalimu?"

"Ina shida kidogo ya kufungua mdomo."

Kicheko cha mara hii kilikuwa tofauti. Kilikuwa cha watu waliojiona. Wamelima ekari nzima wakanunua kitu ambacho wao wenyewe hawawezi kukisikiliza. Walifanya hivyo kwa sababu studio iliwaambia ndivyo inavyofanywa, na studio nayo iliambiwa hivyo na waliokuwa mbele yake. Nikakumbuka wateja wangu wote wa miaka hiyo. Watu husema walikuja kwangu kwa kuwa ni wezi wanaopenda vya bure. Si kweli, maana walinilipa. Walilipa kila wiki, bila kusukumwa. Kampuni za muziki ziliwawekea sidii kwenye boksi la plastiki, katika duka kubwa ambalo mlinzi wake humtazama mtu aliyevaa gambuti za shambani kwa jicho baya, kwa bei ya kuku mzima, na ndani yake nyimbo mbili unazozitaka na nyingine za kujaza. Mimi niliwawekea ule mmoja wanaoutaka, kwenye simu waliyo nayo, kwa bei ya chai na andazi, wakiwa wanangoja mbolea ipakiwe. Hiyo ndiyo siri yote. Sikuwa mwerevu kuliko kampuni. Nilikuwa karibu zaidi na mlango.

Niliwaambia hivyo. Nikawaambia nyimbo hazitarudi zilikotoka, lakini watu wanaozipenda wako, na wanajua kulipa ukiwarahisishia. Nikajitolea kuziuza dukani, kwa bei ya kawaida ya kupakia, na mimi nisichukue chochote.

"Na pesa itapitia wapi?" mweka hazina akauliza.

"Popote utakapotaka wewe."

"Kwa simu yangu. Moja kwa moja. Kwako isipite hata kusalimia."

Nilikubali. Nilistahili.

"Lakini mtu akinunua mmoja," Mwalimu alisema, "atampa jirani, na jirani atampa shemeji. Mzee anajua. Tutamfuata kila mtu?"

Ndipo mke wangu aliposema, kutoka kule nyuma, kwa mara ya kwanza. "Kama lazima zitembee, zitembee na namba yetu."

Wote waligeuka. Akaeleza akiwa bado anatazama dirisha. Kila wimbo uanze na sauti ya mwanakwaya akisalimia kwa maneno machache, akisema wimbo huu umeimbwa na nani, mahindi yalilimwa wapi ili uimbwe, na kama umekufariji, tuma chochote cha asante kwa namba hii. Anayenakili wimbo atanakili na salamu. Hakuna wa kufukuzwa.

Walirekodi salamu hizo jioni ileile kwa simu ya mwimbaji mmoja wa sauti ya pili, mlango ukiwa umefungwa kuzuia kelele za pikipiki. Mweka hazina alisoma namba yake taratibu kama anayemtajia mtoto.

Kazi ya kurekebisha nilichoharibu ilikuwa yangu. Kila aliyeingia dukani nilimwomba flashi, nikafuta nyimbo za kwaya za awali, nikampa mpya, nikamweleza kwamba zile za kwanza nilimpa isivyo halali. Nilichekwa sana.

"Mzee, umeokoka ama umekuwa mtu wa kodi?"

"Vyote viwili. Lete flashi."

Wapo walioondoka wakinung'unika kwamba nyongeza haidaiwi, nao walisema kweli. Lakini wengi walilipa. Dereva wa trekta alitoa simu kabla sijamaliza maelezo yangu, kisha akaniuliza kama kwaya huenda mashambani, kwa sababu kwao walikuwa na ibada ya shukrani ya mavuno na watu wa kwao walikuwa wanazijua nyimbo zile wote. Kwaya ikaenda Soy, safari hii bila majembe. Walilishwa, wakalipwa, wakaalikwa kwingine.

Na ile namba ilifanya kazi kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Katikati ya mazoezi simu ya mweka hazina ilikuwa ikilia, pesa imeingia, kiasi kidogo tu, kutoka kwa mtu aliye katika mji ambao hakuna mwanakwaya aliyewahi kufika. Mwalimu alimkataza kuiacha ikiwa na sauti. Mwishowe akamruhusu, kwa sharti asome ujumbe. Mmoja uliandikwa, "Ya chai, mama wa sauti ya juu." Mke wangu alisogea mstari mmoja mbele siku hiyo. Niliona, kwa sababu nilikuwa mlangoni, nimeruhusiwa kufika hapo tu.

Sitaki msomaji adhani nililipa deni langu lote. Kuna mzee mmoja wa nyanda hizi, mwimbaji na mpiga kinanda cha kienyeji, ambaye nyimbo zake niliziuza tangu siku nilipofungua duka. Siku moja aliingia kununua chaja. Spika ya mlangoni ilikuwa inamwimba yeye. Alisimama akasikiliza hadi mwisho, akanisalimia kwa heshima, akalipa chaja, akaenda. Nilijua ni yeye. Nikamhudumia mteja aliyefuata. Baada ya mambo ya kwaya nilimtafuta, nikaambiwa ameacha kuimba na amehamia kwa binti yake mbali. Nyimbo zake nilizifuta, kana kwamba kufuta ni kulipa. Wengine wa karibu niliwapata, nikawapa nafasi ile ile ya kwaya, salamu na namba, na baadhi yao wananipigia hadi leo. Yeye sikumpata.

Siku hizi duka ni la kutengeneza simu, na kijana niliyemkodisha hajui flashi ilikuwa na heshima gani. Nyimbo ziko mtandaoni. Ninasikia wakubwa wa muziki na wa muvi wakilalamika kwenye redio kwamba watu wanaiba, wakitaka watu wafungwe. Mimi nilikuwa mwizi huyo, na ninawaambia bila kuombwa: mteja wenu ana bando ya intaneti ya saa moja na shilingi chache mfukoni. Muuzieni wimbo mmoja. Muuzieni muvi katika lugha inayomchekesha. Mwambieni fedha inamwendea nani. Mtashangaa jinsi mtu maskini anavyopenda kulipa akijua anamlipa mtu.

Nyimbo za pili zilirekodiwa bila shamba. Mweka hazina alilipa studio kwa simu ile ile, na mwenye studio alipouliza ni sidii ngapi zichapishwe, fundi wa besi alimwambia, "Hata moja, bosi. Tupe kwa flashi." Niliambiwa ningeweza kuja mradi nikae nje. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, mlango mzito umefungwa, sikusikia chochote isipokuwa besi ikitetemesha ukuta.

Ule wa mama yake uliachwa wa mwisho. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba mara ya kwanza sauti ilikatika pale juu kabisa, akapewa maji, mara ya pili ikakatika. Wenzake wakamwambia washushe wimbo kidogo. Akakataa. Mara ya tatu akafika.

Mlango ulipofunguliwa alitoka wa kwanza, jasho likimtiririka, leso mkononi. Alikaa karibu nami kwenye benchi. Nilitaka kumuuliza, nikaogopa.

"Wimbo umeingia," akasema.

Akafungua mkoba, akatoa flashi, akaiweka kiganjani mwangu na kukifunga kwa mikono yake miwili.

"Kesho asubuhi tutaenda wote dukani. Nitazipakia mimi, wewe unionyeshe."